Hatari si jina la mchezo

Kuna swali ambalo halikauki katika mazungumzo yetu: watoto waangalie picha gani, na zipi tuwakataze? Tungeweza kuandika orodha ndefu, lakini orodha huchakaa haraka kuliko kanga. Mwezi huu tumeona afadhali tuchukue sinema moja tu, tuiweke kwenye ungo na kuichambua pamoja kama tunavyochagua mchele. Punje nzuri tutaziacha, mawe tutayatoa.

Sinema yenyewe ni ya zamani. Ilitengenezwa na Wamarekani, lakini jina lake ni neno letu la Kiswahili: Hatari! Wengine wetu tuliiona kwa kanda za video. Watoto wetu wanaweza kuikuta kwenye simu ya kaka yao. Ni picha ya kuchekesha, haina matusi ya kutisha wala maiti zilizorundikana, na kwa sababu hiyo mama anaweza kuiacha ikaonyeshwa sebuleni huku yeye yuko jikoni. Sisi tunasema, usiende jikoni bado.

Kauboi bila farasi

Tuanze na kueleza ni picha ya namna gani. Wote tunazijua picha za kauboi: mwanamume mwenye kofia pana, farasi, kamba ya kunasia ng'ombe, bastola kiunoni, na mbuga kavu za magharibi mwa Marekani. Mwigizaji aliyejulikana dunia nzima kwa picha hizo ni John Wayne. Pamoja na mwongozaji Howard Hawks alikuwa ametengeneza Red River, iliyotoka mwaka 1948, habari za kuswaga kundi kubwa la ng'ombe, na Rio Bravo ya mwaka 1959.

Mwishoni mwa mwaka 1960 watu hao wawili walikuja Tanganyika. Walipiga kambi Momella, chini ya Mlima Meru, karibu na Arusha, wakapiga picha hadi mwanzoni mwa mwaka 1961. Nchi ilikuwa bado chini ya Waingereza. Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961, na sinema ikaanza kuonyeshwa mwaka 1962. Eneo la maziwa ya Momella sasa limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha.

Kwa jina hii si picha ya kauboi. Kwa mwili na roho ndiyo. Badala ya farasi kuna malori na magari madogo yaendayo kasi. Badala ya ng'ombe kuna twiga, pundamilia, nyati na faru. Kamba ni ile ile, isipokuwa imefungwa kitanzi kwenye ncha ya mti mrefu. John Wayne anaitwa Sean, kiongozi wa kikundi cha watu wanaokamata wanyama hai ili wauzwe kwenye bustani za wanyama za Ulaya na Marekani. Anafungwa mkanda kwenye kiti kilichowekwa ubavuni mwa gari, gari linakimbia sambamba na mnyama, naye anamtupia kitanzi shingoni. Wenzake, Waafrika wakiwamo, wanaruka chini kumfunga mnyama miguu.

Tukumbuke kwamba siku hizo hapakuwa na kompyuta za kutengeneza wanyama wa uongo. Waigizaji wenyewe walipanda magari na kuwafukuza wanyama wa kweli. Faru mmoja alijinasua mbele ya kamera, ikabidi akimbizwe na kufungwa upya, na tukio hilo limo katika picha. Kwa hiyo mtoto anapotazama, anatazama hatari ya kweli iliyofanywa mchezo. Hapo ndipo tulipokuta jiwe la kwanza kwenye ungo wetu.

"Stelingi hafi"

Vijana wetu wana msemo waliourithi kutoka kwa baba zao, tangu enzi za majumba ya sinema hadi vibanda vya video vya mitaani: stelingi hafi. Maana yake, yule mhusika mkuu, hata apigwe risasi mia moja, ataamka. Adui ndiye atakayekufa. Mtoto akishaketi saa nyingi mbele ya picha za namna hiyo, anaanza kujiona yeye ndiye stelingi. Analidandia lori linalopanda kilima. Anaruka kutoka kwenye jiwe la mtoni kule Bigwa au Kilakala mvua ikiwa imenyesha mlimani, hajui kwamba mto wa Uluguru unaweza kujaa ghafla hata kama mjini kuna jua. Anapanda pikipiki bila kofia ngumu. Moyoni mwake anasema, mimi sifi.

Na tazameni lilivyopata lile neno lenyewe. Sisi tulipokuwa wadogo, bibi akisema "hatari!" mkono ulirudi nyuma kabla akili haijauliza. Siku hizi kijana akitaka kumsifu mwenzake husema, "jamaa yule ni hatari." Akiona gari zuri, "hatari!" Akisikia wimbo mtamu, "hatari sana!" Hatusemi sinema ile ya mwaka 1962 ndiyo iliyoleta mtindo huu. Lugha hubadilika yenyewe. Lakini neno lililokuwa linamrudisha mtoto nyuma likigeuka kuwa la kumvuta mbele, mama anakuwa amepotewa na chombo chake cha kazi.

Wazee wetu walikuwa na kipimo kingine cha ushujaa: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nyumba ya aliyeogopa watu wanacheka, maana amerudi salama. Nyumba ya shujaa wanalia. Methali hii haimsifu mtu mlegevu. Inatukumbusha tu kwamba ushujaa una watu wanaoulipia, na mara nyingi walipaji ni mama, mke na watoto waliobaki nyumbani. Katika picha za kauboi watu hao hawaonyeshwi.

Morogoro tunalijua neno hili

Sisi wa Morogoro tuna sababu ya kulitazama neno hili kwa macho mengine. Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019, asubuhi, lori la mafuta lilipinduka karibu na Msamvu. Watu walikusanyika, wengine kutazama, wengine kuchota petroli iliyokuwa ikimwagika. Moto ukalipuka. Waliofariki walizidi 100. Wapo waliokuwa wakipita tu njiani, na wapo vijana wa bodaboda waliokuwa wakitafuta mkate wa siku ile.

Hatuandiki haya ili kuwalaumu. Ndoo moja ya mafuta ni fedha kwa mtu asiye nayo, na aliye na shibe asijifanye mwenye hekima kuliko mwenye njaa. Tunaandika kwa sababu kuna jambo ambalo kila mama anapaswa kulijua na kulifundisha. Petroli haiwaki pale tu ilipomwagika. Inatoa mvuke ambao hauonekani kwa macho, mzito kuliko hewa, unaotambaa chini chini na kwenda mbali na lori. Cheche ndogo ya kuwasha pikipiki, ya njiti ya kiberiti, ya waya wa betri, inatosha kuurudisha moto hadi kwenye tangi. Kwa hiyo ukiona lori la mafuta limeanguka, usisogee kutazama. Ondoka upande unakotoka upepo, nenda mbali, usiwashe chochote, na mshike mkono mtoto wa jirani uende naye.

Malori mengi ya namna hiyo yana onyo lililoandikwa nyuma kwa herufi kubwa. Kusoma tunajua. Linalohitajika ni neno lenyewe liwe bado na uzito katika masikio yetu.

Punje nzuri zilizomo

Baada ya kuyasema hayo, mama mwingine atasema, basi picha hiyo naifuta. Tunashauri asiifute. Ukiitazama na watoto kwa utulivu utaona kwamba ndani yake mna mafundisho ambayo John Wayne na kofia yake wameyaziba.

Mosi, picha inaanza kwa ajali. Mzee mmoja wa kikundi, ambaye wenzake humwita Mhindi kwa kuwa ana asili ya Wahindi Wekundu wa Marekani, anajeruhiwa mguu na faru, wanakimbizana naye hospitali Arusha akivuja damu. Anapona kwa sababu kijana mgeni, Mfaransa, anakubali kumtolea damu yake. Mwulize mtoto: katika picha hii nani alimwokoa mtu? Aliyekuwa na kamba, au aliyenyosha mkono atolewe damu?

Pili, mwenye kambi ile ni msichana, jina lake Brandy. Ameirithi kwa baba yake. Na baba yake aliuawa na faru. Jambo hilo linasemwa kwa haraka, kisha watu wanaendelea kucheka na kunywa. Hapo simamisha picha, mama. Hicho ndicho kilio cha methali yetu, kimepita kama upepo. Msichana yatima amebaki na kazi ile ile iliyomchukua baba yake.

Tatu, yupo mwoga. Anaitwa Pockets, zamani alikuwa dereva wa teksi huko New York, na wanyama anawaogopa waziwazi. Lakini ni yeye anayekaa usiku akichora na kuunda roketi inayorusha wavu mkubwa juu ya mti uliojaa nyani. Wakati wa kuirusha anafumba macho kwa hofu. Wavu unafunika mti mzima, wanyama wanakamatwa wengi kwa mara moja. Watoto watacheka sana hapo, na wacheke. Kisha waambie kwamba yule aliyeogopa ndiye aliyefikiri.

Mwanamke kambini

Kuna habari nyingine ambayo sisi wake tutaiona upesi kuliko waume zetu. Mpiga picha anatumwa kutoka bustani ya wanyama ya Ulaya, Sean anamngoja mwanamume, kumbe ni mwanamke wa Kiitalia, Dallas, aliyeigizwa na Elsa Martinelli. Sean hamtaki. Zamani alikuwa na mchumba ambaye hakuipenda nchi hii akaondoka, na tangu hapo amewahukumu wanawake wote kwa kosa la mmoja. Mangapi ya namna hiyo tumeyaona katika ndoa! Mwanamume anaumizwa na mmoja, anamlipisha mwingine.

Dallas hamjibu kwa maneno. Ndovu mmoja anaachwa yatima baada ya mama yake kupigwa risasi. Wanaume wanasema haiwezekani kumlea. Dallas anamchukua, na wanahangaika kukamua mbuzi wote wanaopatikana ili apate maziwa. Baadaye ndovu wanakuwa watatu, na wenyeji wanampa jina la Mama Tembo. Mwishoni ndovu hao wanamtafuta hadi mitaa ya Arusha na kuingia mpaka chumba cha kulala. Watu wanakumbuka sana muziki wa Henry Mancini unaoandamana na ndovu wadogo, kuliko hata ile mbio ya faru.

Inafaa kujua kwamba aliyeandika mazungumzo ya picha hii ni mwanamke, Leigh Brackett, ambaye pia alikuwa mmoja wa waandishi wa Rio Bravo. Labda ndiyo sababu mwanamke wa kambini amepewa kazi ya maana. Hata hivyo, bado ni mgeni anayeomba kukubaliwa. Mwanamke wa Kiluguru akiitazama atashangaa kidogo, maana katika milima yetu ukoo na ardhi hufuata upande wa mama, na bibi akiwa hai hakuna mkwe anayemwuliza alikuja kufanya nini shambani.

Wasioonekana

Swali gumu zaidi la kumwuliza mtoto ni hili: nani yupo katika picha lakini hasemi? Waafrika wapo tangu mwanzo hadi mwisho. Wanaruka chini kufunga miguu ya mnyama anayepiga teke, kazi ya hatari kuliko ya aliyefungwa mkanda kitini. Wanabeba, wanachinga miti, wanalisha. Lakini hadithi ya mapenzi, mizaha na ushujaa imegawiwa wageni. Mlima ni wetu, wanyama ni wetu, hata jina ni letu, ila stelingi katoka mbali.

Mtoto asije akadhani kwamba siku zile hapakuwa na Mtanganyika aliyeweza kuigiza. Mwaka 1952, miaka kumi kabla ya Hatari!, palitengenezwa hapa nchini picha ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu, na mwigizaji wake mkuu alikuwa Rashidi Kawawa. Mwezi wa Januari 1962, mwaka ule ule ambao dunia ilikuwa inamtazama John Wayne chini ya Mlima Meru, Kawawa alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Habari hiyo watoto wengi hawajapata kuisikia. Msimulie wako leo jioni.

Stelingi wa Morogoro

Mtoto akiuliza sisi tuna stelingi gani wa nyumbani anayehusika na wanyama, tunaye. Kwanza mwambie kwamba mambo yamebadilika: leo kumkamata mnyama wa porini bila kibali ni kosa la jinai, na faru waliokuwa wakikimbizwa katika picha ile wamebaki wachache sana nchini. Hifadhi ya Mikumi, iliyo mkoani kwetu, ilianzishwa mwaka 1964, miaka miwili tu baada ya sinema kutoka. Ukisafiri kwenda Iringa basi linapita katikati yake, na alama za barabarani zinamwambia dereva apunguze mwendo. Pale ushujaa ni kukanyaga breki ili swala avuke.

Kisha msimulie habari za panya. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hapa hapa Morogoro, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini wakati wa vita. Panya hufungwa mkanda mdogo, hushikizwa kwenye kamba, naye hupita polepole akinusa hatua kwa hatua. Akisikia harufu ya baruti hukwaruza ardhi. Ni mwepesi kiasi kwamba bomu halilipuki chini yake. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa hapa, alipelekwa Kambodia akasaidia kugundua mabomu ya ardhini zaidi ya 70, na mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu ya shirika la Uingereza la kutunza wanyama, PDSA. Alikufa mwaka 2022, uzeeni.

Katika sinema kamba ni ya kumnasa mnyama na kumburuza. Katika habari hii kamba inamwongoza mnyama ili mtoto wa watu aende shule bila kupoteza mguu. Na ushujaa wake wote ni kwenda polepole.

Tufanyeje nyumbani

Tunashauri mambo manne, nayo hayana gharama.

Kwanza, kaa na watoto mtazame pamoja, hata kama ni nusu tu ya picha. Ni ndefu, saa mbili na nusu na zaidi, kwa hiyo gaweni siku mbili. Mshirikishe na baba yao. Mtoto wa kiume akisikia baba akisema, "mimi hapo ningeogopa," amepata somo ambalo mama peke yake hawezi kulitoa.

Pili, uliza maswali matatu: nani aliumia? Nani alifikiri kabla ya kutenda? Nani yupo lakini hasemi? Maswali haya yanafaa kwa kila picha, ya kauboi, ya Kihindi, ya Kichina au ya kwetu.

Tatu, litunze neno hatari. Usiliseme kwa kila kitu. Akimwaga maji mwambie amemwaga maji; akichafua nguo mwambie amechafua. Neno hatari liwekee akiba kwa moto, umeme, mto uliojaa, dawa, petroli na barabara. Ukilitumia mara chache atalisikia siku litakapohitajika.

Nne, msifu mtoto anaporudi nyuma. Huwa tunawapigia makofi walioruka, na aliyekataa kuruka tunamwita mwoga mbele ya wenzake. Siku mwanao atakapokuja nyumbani na kusema, "mama, wenzangu wamedandia lori mimi nikakataa," acha unachofanya, mpe kiti, mpakulie. Mwambie nyumba hii leo ina kicheko kwa sababu yake.